Alice Evans na maziwa ambayo hayajachemshwa

Mama anayefuga anajua kwamba ng'ombe akitupa mimba ni hasara. Lakini bakteria wanaosababisha hasara hiyo huweza kumwingia hata mtoto wake kupitia maziwa. Mtu aliyefungua macho ya wengi kuhusu jambo hilo alikuwa mwanamke, na kwa muda mrefu hakuaminiwa.

Alice Catherine Evans alizaliwa mwaka 1881 huko Neath, Pennsylvania, nchini Marekani, akakulia shambani. Kwa kuwa hakuwa na fedha za chuo, alifundisha shule kwa miaka minne. Kisha Chuo Kikuu cha Cornell kikatoa kozi ya bure kwa walimu wa vijijini. Akaenda, akapenda sayansi, akapata shahada ya elimu ya bakteria mwaka 1909 na ya pili mwaka uliofuata huko Wisconsin. Baadaye aliajiriwa na wizara ya kilimo, kwenye idara ya maziwa.

Wakati huo madaktari walijua homa ya Malta. David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, aliwapata bakteria wake mwaka 1887, na mwaka 1905 Themistocles Zammit akagundua kwamba mbuzi ndio wanaowabeba. Wafugaji nao walijua ugonjwa wa ng'ombe kutupa mimba. Haya yalihesabiwa kuwa magonjwa mawili tofauti. Evans aliwalinganisha bakteria hao katika maabara akaona wanakaribia kuwa sawa kabisa. Tena walitoka hata kwenye maziwa ya ng'ombe aliyeonekana mzima. Aliwaeleza wanasayansi wenzake mwaka 1917, akachapisha matokeo mwaka 1918, akishauri maziwa yapashwe moto kabla ya kunywewa.

Wengi walimpinga. Alikuwa mwanamke, hakuwa na shahada ya udaktari wa falsafa, na wauza maziwa hawakufurahia habari hizo. Mwaka 1920 watafiti wa California walithibitisha kazi yake, na bakteria hao wakapewa jina la Brucella, kwa heshima ya Bruce.

Mwaka 1922 Evans mwenyewe aliambukizwa akiwa kazini. Homa ilimjia na kuondoka kwa takriban miaka 20, na kuna madaktari waliodhani ni uchovu wa mawazo tu. Sisi wauguzi wa jamii hatushangai sana, kwani brusela hujificha: homa inayokwenda na kurudi, jasho jingi usiku, maumivu ya viungo na mgongo, uchovu usioisha. Ni rahisi kuidhania malaria au taifodi. Kwa mjamzito inaweza kuharibu mimba. Kwa hiyo homa ikirudi baada ya dawa, mwambie mhudumu kama mnafuga au mnakunywa maziwa mabichi, hata asipokuuliza. Brusela hutibika, ila dawa ni za wiki sita au zaidi na dozi haikatishwi ukijisikia nafuu.

Nyumbani, chemsha maziwa mpaka yaumuke, yawe ya ng'ombe, mbuzi au ngamia. Maziwa mgando nayo yachemshwe kwanza, ndipo yagandishwe, maana uchachu peke yake si kinga ya kutegemea. Mnyama akizaa au akitupa mimba, usishike kondo la nyuma wala kijusi kwa mikono mitupu, na watoto wakae mbali. Mjamzito asiifanye kazi hiyo kabisa.

Mwaka 1928 Evans alichaguliwa kuwa rais wa chama cha wanabakteria wa Marekani, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo. Katika miaka ya 1930 sheria za kupasha maziwa moto kabla ya kuuzwa zilienea nchini humo. Alistaafu mwaka 1945, akafariki mwaka 1975 akiwa na miaka 94.