Baba Bodelschwingh, Rafiki wa Wenye Kifafa

Katika Westfalia, upande wa magharibi wa Ujerumani, upo mji mdogo uitwao Tecklenburg. Hapo ndipo alipozaliwa Friedrich von Bodelschwingh, tarehe 6 Machi mwaka wa 1831. Baba yake alikuwa mtu mkubwa serikalini, hata akafanywa waziri wa mfalme wa Prussia. Kwa hiyo mtoto alikaa Berlin kati ya watu wenye cheo, na mmoja wa wenzake wa kucheza alikuwa mwana wa ukoo wa kifalme, ambaye baadaye alitawala kwa jina la Kaisari Friedrich wa Tatu. Aliyemwona siku zile hangedhani ya kuwa mtoto huyu angeishi kati ya watu waliokimbiwa na wenzao.

Alipokuwa kijana alijifunza ukulima, akawekwa kusimamia shamba kubwa katika Pomerania. Huko aliwaona vibarua na watoto wao jinsi walivyoishi katika umaskini. Ilikuwa desturi yake kuwagawia watoto hao vijitabu vya dini. Siku moja akasoma kimoja mwenyewe, chenye habari za mtoto maskini wa Kichina. Habari ile ilimwingia moyoni, akaazimia kuuacha ukulima ili aihubiri Injili. Mwaka wa 1854 akaenda Basel, katika nchi ya Uswisi, kusoma elimu ya dini.

Lakini hakupelekwa China. Mwaka wa 1858 aliitwa kwenda Paris, mji mkuu wa Ufaransa. Wajerumani wengi maskini walikuwa wamehamia huko kutafuta riziki, wakifanya kazi ya kufagia barabara na kuokota matambara, na watoto wao walikuwa wakizurura tu bila shule. Bodelschwingh akaanza kuwafundisha watoto wachache. Idadi yao ikaongezeka siku kwa siku, hata ikajengwa shule na kanisa juu ya kilima. Hivyo mwana wa waziri akawa mwalimu wa watoto wa wafagiaji.

Mwaka wa 1861 alimwoa Ida, binti wa jamaa yake, na mwaka wa 1864 wakarudi Ujerumani, naye akawa mchungaji wa kijiji cha Dellwig. Mungu akawajalia watoto wanne. Kisha, mwezi wa Januari mwaka wa 1869, ugonjwa wa kuambukiza ulioua watoto ukaingia nyumbani mwao. Akafa wa kwanza, akafuata wa pili, na wa tatu, na wa nne. Katika majuma mawili nyumba iliyojaa sauti za watoto ikawa kimya. Baba na mama wakasimama penye makaburi manne, wala hawakuwa na mtoto hata mmoja wa kurudi naye.

Wako watu ambao msiba kama huo huwafanya mioyo yao kuwa migumu. Kwa Bodelschwingh haikuwa hivyo. Tangu siku hizo alijua maumivu ya mzazi anayemtazama mtoto wake akiteseka wala asiweze kumsaidia, na huruma yake kwa wenye kuteseka ikazidi. Baadaye Mungu aliwapa watoto wengine wanne, lakini wale wa kwanza hakuwasahau kamwe.

Wakati huo, karibu na mji wa Bielefeld, palikuwa na nyumba ya wagonjwa wa kifafa. Wakristo wa nchi ile waliifungua mwaka wa 1867, wakaanza na wavulana wachache. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo, wala hauambukizi. Lakini watu wa siku zile, huko Ulaya kama mahali pengine pengi, waliuogopa mno. Wengine walidhani ni pepo, wengine walidhani ni laana. Mtoto akianguka na kutoka povu, watu walimkimbia. Alifukuzwa shuleni, na alipokuwa mkubwa hapana fundi aliyekubali kumpokea. Watu wenye mali waliweza kuwaficha watoto wao nyumbani. Watoto wa maskini walitupwa katika nyumba za ombaomba, au walifungwa pamoja na wenye wazimu.

Mwaka wa 1872 Bodelschwingh aliitwa kuisimamia kazi hiyo, akakubali. Mahali pale pakaitwa Bethel, maana yake Nyumba ya Mungu. Siku zile dawa ya kifafa iliyojulikana ilikuwa bromidi, nayo iliwasaidia wagonjwa wengine kwa kiasi tu. Bodelschwingh akaona ya kuwa mgonjwa asiyeweza kuponywa anaweza hata hivyo kupewa mambo matatu: nyumba, wenzake, na kazi. Aliamini ya kuwa mtu anayelishwa sadaka tu, bila kutakiwa chochote, moyo wake hunyauka. Bali anayejua ya kuwa kazi yake inahitajiwa huinua kichwa chake.

Basi huko Bethel kila mtu alipewa kazi kadiri ya nguvu zake. Wengine walilima mashamba na bustani, wengine walifyatua matofali, wengine walijifunza useremala, au kuoka mikate, au kujalidi vitabu. Watoto walipata shule. Hawakulazwa wote katika jumba moja kubwa, bali walikaa katika nyumba nyingi, kila nyumba kama jamaa moja, pamoja na masista au mabradha wa kuwatunza. Siku ya Jumapili wote walikwenda kanisani. Mgonjwa akianguka katikati ya ibada, wenzake walimsaidia kwa utulivu, na ibada ikaendelea. Hapana aliyekimbia wala aliyecheka.

Fedha za kazi hiyo zilitoka wapi? Bodelschwingh hakuona haya kuomba. Aliomba kwa wafalme, akaomba pia kwa watoto wa shule. Tena hakudharau kitu kidogo. Mwaka wa 1888 alianza kuwataka watu wampelekee stempu zilizokwisha kutumika, nazo zikachambuliwa na wagonjwa na kuuzwa. Kisha akakusanya nguo kuukuu na vyombo vilivyoachwa, akikumbuka jinsi Bwana Yesu alivyowaagiza wanafunzi kukusanya vipande vya mikate visipotee. Kitu kilichotupwa na wengine kikawa chakula cha watu waliotupwa na wengine. Hivyo ikaonekana ya kuwa kutoa ni moyo, si utajiri.

Hakuwasahau wengine pia. Mwaka wa 1882 alianzisha kijiji cha Wilhelmsdorf, ili watu wasio na kazi waliokuwa wakitangatanga barabarani wapate kazi na mahali pa kulala. Tangu mwaka wa 1890 alisaidia misioni ya Afrika ya Mashariki, na watumishi kutoka Bethel wakafika mpaka milima ya Usambara. Huko Lutindi, mwaka wa 1896, ilifunguliwa nyumba ya watoto waliookolewa katika utumwa. Baadaye ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili, nayo ingaliko.

Watu walimwita Baba Bodelschwingh. Alifariki Bethel tarehe 2 Aprili mwaka wa 1910, mwenye umri wa miaka 79. Nyumba aliyoipokea ikiwa na wagonjwa wachache ilikuwa imekuwa mji wa maelfu ya watu. Mwanawe, aliyeitwa Friedrich kama baba yake, akashika kazi mahali pake.

Mwaka wa 1940 serikali ya Hitler ilikuwa ikiwaua kwa siri wagonjwa na vilema, ikisema ya kuwa maisha yao hayana faida. Zikaletwa Bethel karatasi za kuandika habari za kila mgonjwa. Friedrich mdogo akakataa kuzijaza, akaenda kwa wakubwa kuwatetea watu wake. Wagonjwa kadhaa Wayahudi walichukuliwa wakauawa, na huzuni hiyo haikusahauliwa; lakini walio wengi waliokoka.

Baba aliyezika watoto wanne aliacha nyuma yake nyumba ambamo mtoto aliyekataliwa hupokewa kama mwana. Nyumba hiyo ingali ikifanya kazi yake hata leo.