Ibn al-Haytham na Siri ya Kioo

Ndugu msomaji, magadi twayajua sote jikoni, lakini ni wachache kati yetu wakumbukao kwamba magadi ni asili ya kioo. Yatoka ziwa Magadi, katika Kajiado, na tangu zama za ukoloni hushushwa kwa reli hadi bandari ya Mombasa. Yakiyeyushwa motoni pamoja na mchanga na chokaa, huwa kioo. Na katika Kajiado hiyo hiyo, huko Kitengela, wako mafundi wayeyushao chupa kuukuu wakafanya bilauri na madirisha ya rangi.

Aliyewafunza walimwengu namna nuru ipitavyo katika kioo ni Muislamu, Abu Ali al-Hasan ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 354 Hijria (965).

Wanahistoria wasimulia kwamba alidai aweza kuyatawala maji ya Nili. Al-Hakim, mtawala wa Misri, akamwita. Alipofika kusini ya Aswan na kuona majengo makubwa ya watu wa kale, alitambua kwamba lau jambo hilo lingaliwezekana, wao wangalikwisha lifanya. Akarudi akakiri kushindwa. Kisha, kwa kuiogopa ghadhabu ya mtawala, akajifanya mwenda wazimu, akafungiwa nyumbani mpaka al-Hakim alipofariki mwaka 411 (1021). Baadaye aliishi karibu na al-Azhar, akila kwa jasho la kunakili vitabu, hata akafa yapata mwaka 430 (1040).

Katika Kitab al-Manadhir, chenye sehemu saba, aliwapinga Euclid na Ptolemy waliosema kuwa jicho ndilo litoalo miali. Yeye alithibitisha kwamba nuru hutoka katika vitu, ikaja jichoni kwa njia iliyonyoka. Aliweka taa kadhaa mbele ya tundu la chumba chenye giza. Kila taa ikatia doa lake ukutani, na alipoifunika moja, doa lake peke yake likatoweka.

Tena alieleza kwamba kitu kizito huizuia nuru, na kitu safi, kama hewa, maji na kioo, huipitisha. Lakini ikiingia majini kwa mshazari, hupinda. Ndiyo sababu upondo huonekana umevunjika. Na hata kioo kilicho safi kina uzito kidogo ndani yake. Lau si huo, tusingalikiona. Baina ya hivyo viwili kuna kioo kilichokwaruzwa, na marumaru ya Kajiado ikichongwa nyembamba sana: nuru hupita, lakini hutawanyika, na sura ya kilicho nyuma haionekani. Jiwe hilo hilo likiwa nene huleta kivuli tu.

Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kilatini, kikapigwa chapa Basel mwaka 1572, na Wazungu wakakisoma kwa bidii. Sisi je? Magadi twayatia katika maharagwe, na kioo twakinunua.

Ibn al-Haytham hakukubali neno kwa kuwa limesemwa na mkubwa. Alitaka dalili, na nafsi yake pia aliituhumu. Hakuona haya kukiri kosa mbele ya aliyeweza kumwua. Basi yatupasa tuwapeleke watoto wetu, wa kiume na wa kike, wakaisome elimu hii, kwani ni mali yetu tuliyoiacha njiani. Mwenyezi Mungu amrehemu, na atufungue macho.