Jamaa Aliyesaini Kuwa Mali ya Dem: Stori ya Sacher-Masoch Unafaa Kuijua

Wewe msee wa Umoja, Kayole ama Buru, tulia kidogo. Ukienda kupangisha bedsita hapo Pipeline, kuna vitu unauliza kabla hujaingiza godoro. Rent ni ngapi? Maji inakuja siku gani? Na siku ukitaka kuhama, notisi ni ya muda gani?

Sasa kuna jamaa alichukua hiyo akili ya mkataba akaipeleka kwa mapenzi. Alisaini karatasi kwamba yeye ni mali ya dem. Hakushikiwa bunduki. Alijitakia.

Jina lake ni Leopold von Sacher-Masoch. Ukiwahi kusikia watu wakibonga kuhusu BDSM, hiyo herufi M ya mwisho imetoka kwa jina lake.

Alizaliwa 27 Januari 1836 mji wa Lemberg, ule unaitwa Lviv leo, huko Ukraine. Enzi hizo ulikuwa chini ya himaya ya Austria. Buda yake alikuwa mkubwa wa polisi wa mji, kwa hivyo usidhani alikuwa amesota. Kijana alisoma mpaka akapata udaktari, akafundisha historia chuo kikuu cha Graz. Baadaye aliacha chaki akashika kalamu, na vitabu vyake vikashika Ulaya mbaya sana.

Kwa siri yake, kulikuwa na kitu kimoja kilikuwa kinamwasha: alitaka mwanamke amtawale. Amtume, amwadhibu, na awe amevaa koti la manyoya akifanya hivyo.

Desemba 1869 akapata mtu. Alikuwa mwandishi anaitwa Fanny Pistor. Wakakaa chini, wakaandika, wakasaini. Leopold atakuwa mtumwa wake kwa miezi sita. Atamtii kwa kila kitu, na akikosea ataadhibiwa. Fanny naye atavaa manyoya mara nyingi awezavyo, hasa akiwa katika hali ya ukali.

Lakini soma ile sehemu ya chini, yenye watu huruka. Fanny hakuruhusiwa kumwamuru kitu cha kumvunjia heshima kama mwanaume na raia. Alipaswa kumwachia masaa sita kila siku afanye kazi yake. Barua zake na maandishi yake, asiguse. Na miezi sita ikiisha, wote wachukulie ni kama hayo mambo hayakutokea. Umeona? Mtumwa alikuwa na saa za kazi, siri zake na tarehe ya kutoka. Kuna makarao wa mapenzi hapa mtaani hawawezi kukupea hata moja ya hizo.

Wakasafiri mpaka Italia. Dem alipanda behewa la watu wa maana, jamaa akapanda la tatu na mizigo, amejiita Gregor kama mfanyakazi. Miezi ikaisha, kila mtu akashika njia yake.

Mwaka 1870 akatoa riwaya iliyotoka kwa hayo maisha, Venus ndani ya Manyoya. Mwanaume kwa hiyo riwaya anaitwa Severin, na dem anayemmiliki ni Wanda. Kitu wengi hawajui ni vile inaisha. Inafunga kwa hoja kwamba mwanamke atakuwa mwenzake mwanaume siku ile tu atapata haki sawa, elimu sawa na kazi sawa. Kabla ya hapo, ni mmoja kumkalia mwingine.

Hapo ndipo stori inageuka, na hapo ndipo inakuhusu.

Kulikuwa na manzi wa Graz, Aurora Rümelin, mtoto wa maskini aliyekuwa anashona glavu ndio apate ya kula. Alimwandikia mwandishi barua akitumia jina la yule Wanda wa kitabu. Jamaa akadata. Mwaka 1873 wakaoana, na mkataba mwingine ukaandikwa. Huu haukuwa na miezi sita. Haukuwa na masaa ya kazi. Ulisema mtumwa hataachiliwa kamwe, na minyororo ikimlemea, njia ya kutoka ni kifo.

Kwa karatasi, Wanda ndiye bosi. Kwa nyumba, mambo yalikuwa mengine. Miaka mingi baadaye, mwaka 1906, alitoa kitabu cha maisha yake. Anasimulia vile hakuwahi kupenda huo mchezo. Alishika kiboko kwa sababu bwanake alimsukuma, na kwa sababu kulikuwa na watoto na aliogopa njaa. Anasema bwanake alimlazimisha pia atafute wanaume wengine, yeye hataki. Kwa hivyo niambie, hapo nani alikuwa anamiliki nani?

Ndoa ilivunjika, jamaa akaendelea na mwanamke mwingine, Hulda Meister, wakahamia kijiji cha Lindheim, Ujerumani. Huko alipigana na chuki dhidi ya Wayahudi na akasaidia kuanzisha chama cha elimu kwa watu wa kawaida. Lakini mwaka 1890 daktari Krafft-Ebing alikuwa ameshachukua jina lake akalifanya jina la ugonjwa, mwenyewe akiwa hai. Alikufa Machi 1895. Vitabu vikasahaulika, jina likabaki.

Leo mambo yamebadilika. Shirika la Afya Duniani, kwa orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa 2019, haliiti tena ugonjwa kile watu wazima wamekubaliana wenyewe. Lakini hapa Kenya, jua hivi: Katiba, Kifungu cha 30, inakataza mtu yeyote kushikwa utumwani, na hiyo haki haiwezi kupunguzwa. Karatasi ya kukumiliki haina nguvu kortini, hata ukiisaini kwa damu. Na Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inasema ridhaa ni kukubali kwa hiari, ukiwa na uhuru na uwezo wa kuchagua. Mtu anayelipiwa rent na hana pa kwenda, huo uhuru wake uko wapi?

Kwa hivyo mtu akikuambia wewe ni wake, na hata kama hiyo lugha inakubamba, uliza maswali ya keja. Mwisho ni lini? Kazi yangu, simu yangu na mabeshte wangu vinabaki vyangu? Nikisema imetosha leo usiku, mchezo unaisha leo usiku?

Fanny alipata tarehe ya mwisho kwa maandishi. Wanda hakuipata. Jamaa alikuwa ni yule yule mmoja.