George Whitehouse: Aliyelaza Reli Kabla ya Mitaa Yetu

Tulipoambiwa kila mmoja achague mtu mashuhuri wa zamani aandike maisha yake, wenzangu wengi walikimbilia Mekatilili, Dedan Kimathi na Tom Mboya. Hao ni mashujaa wetu na sina neno juu yao. Lakini mimi ni mtoto wa Jericho, na mlio wa garimoshi la Makadara ndio saa yetu ya kengele pale nyumbani. Nikajiuliza, huyu aliyeilaza reli upande wetu huu alikuwa nani? Na alipokuwa akiilaza, alikuwa akimfikiria abiria gani? Maswali hayo mawili yakanifikisha kwa Mwingereza mmoja aitwaye George Whitehouse, mhandisi mkuu wa Reli ya Uganda. Tafadhali nifuateni mos mos, maana safari ni ndefu.

Whitehouse alizaliwa mwaka wa 1857. Kabla ya kukanyaga pwani yetu alikuwa amekwisha kujenga reli katika nchi kadhaa, zikiwemo India na Afrika Kusini. Alifika Mombasa Desemba 1895, akiwa na umri wa miaka 38. Kazi aliyopewa haikuwa mchezo. Serikali ya Uingereza ilitaka njia ya reli kutoka baharini hadi Ziwa Victoria, ili iishike Uganda na chanzo cha mto Nile, na bidhaa zisafiri bila kubebwa vichwani na wapagazi. Huko kwao wako wabunge walioiona kazi hiyo kuwa wazimu mtupu. Kwani reli hiyo ingebeba nini, na ingemfikisha nani wapi? Whitehouse hakutumwa kujibu maswali hayo. Yeye alitumwa ajenge.

Shida zilimpokea mapema. Kwanza ilibidi avushe reli kutoka kisiwani Mombasa hadi bara. Halafu likaja nyika la Taru, mahali pa miiba na jua kali, ambako maji ya kunywa ya wafanyakazi yalipelekwa kwa garimoshi. Mvua iliponyesha, tuta lilibomoka. Wafanyakazi wengi waliletwa kutoka India, wapatao 32,000 kwa jumla, na karibu 2,500 kati yao walikufa kabla kazi haijakwisha. Malaria, kuhara na ajali viliwamaliza wengi zaidi kuliko simba. Wale simba wawili wa Tsavo wa mwaka 1898 twawajua sote, lakini waliokufa kwa homa hawana jengo la makumbusho wala filamu. Nami naona ni haki wakumbukwe, kwa sababu kila hatua ya reli tunayopanda leo ina jasho lao. Walikuwapo pia Waafrika waliofyeka njia, wakachimba na kubeba mizigo, na wengi wao majina yao hayakuandikwa popote.

Sasa tufike kwetu. Mwisho wa Mei 1899 reli ilivuka mbuga za Athi, ikafika kwenye mto ambao Wamaasai waliuita kwa sababu ya maji yake baridi. Hapo palikuwa na kambi ndogo tu, ambayo Sajini Ellis alikuwa ameianzisha mwaka 1896 kwa ajili ya wanyama wa kubeba mizigo. Whitehouse alipaona panafaa. Palikuwa tambarare, na mbele yake kulikuwa na mwinuko mkali wa Ukikuyu kabla ya kuteremka Bonde la Ufa. Maji yalikuwapo, na nafasi ya kujenga karakana na kupanga mabehewa ilikuwa tele. Mwaka huohuo akahamisha makao makuu ya reli kutoka Mombasa hadi hapo Nairobi.

Wasomaji wenzangu, hebu tuzingatie jambo hili. Whitehouse hakuchagua mahali pa kujenga jiji. Alichagua mahali pa kuegesha injini! Ardhi ilikuwa ya tope na mifereji haikutosha. Mwaka wa 1902 tauni ilipoingia, maduka ya Wahindi yalichomwa moto ili ugonjwa usienee, na wako waliopendekeza mji uhamishwe kabisa. Haukuhamishwa. Karakana zilikuwa zimekwisha kujengwa, na reli ikishalazwa mahali si rahisi kuibeba begani uende nayo. Mwaka 1905 ofisi kuu za serikali zikaanza kuhamia hapa. Ndivyo egesho la injini lilivyogeuka kuwa mji mkuu.

Whitehouse hakukaa kungoja hayo. Aliendelea mbele. Kwenye ukingo wa Bonde la Ufa njia ilikuwa ngumu hivi kwamba, kwa muda, mabehewa yalishushwa kwa kamba nene za chuma ili vifaa visikwame juu. Huko Nandi wenyeji waliipinga reli kwa nguvu. Walichukua nyaya na vyuma vyake, kwa sababu waliona wazi kwamba njia ile ilikuja na utawala wa kigeni. Upinzani wao uliendelea hata baada ya Whitehouse kuondoka, mpaka kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipouawa mwaka 1905. Kwa hivyo tunapomtaja mhandisi wetu, tusisahau kwamba kazi yake ilipita juu ya malisho na mashamba ya watu ambao hawakuulizwa.

Desemba 1901 reli ilifika ziwani, mahali tunapopaita Kisumu. Ilikuwa na urefu wa karibu kilomita 940, na ilikuwa imegharimu zaidi ya pauni milioni 5. Whitehouse aliondoka baada ya miaka michache tu, akapewa heshima ya kuitwa Sir, na akafariki mwaka 1938. Hayo ndiyo maisha yake kwa kifupi: mtu mwerevu, mvumilivu, aliyetimiza alichotumwa.

Sasa narudi kwa swali langu la pili. Alikuwa akimfikiria abiria gani? Kwa ukweli, hakuwa akitufikiria sisi. Hata hangeweza. Alipoondoka nchini, mitaa ya Eastlands haikuwapo. Pumwani ilianzishwa miaka ya ishirini, Kariokor ikafuata. Mwaka aliofariki, Kaloleni ilikuwa bado haijajengwa. Ofafa na Mbotela ni za miaka ya hamsini, na Dandora ni ya miaka ya sabini. Wafanyakazi Waafrika waliwekwa upande huu wa mashariki, karibu na reli, karakana na Industrial Area, ili wafike kazini kwa miguu. Reli ya kwenda Thika, ambayo sasa inapita Dandora na Githurai, ilifika Thika mwaka 1913, na kazi yake kubwa ilikuwa kubeba mazao ya mashamba ya walowezi. Hivyo mzigo ulipewa njia, na mtu akapewa miguu.

Basi ndiyo maana naandika haya. Nendeni barabara ya Jogoo alfajiri muone. Akina mama na akina baba wanatembea kwa maelfu, si kwa kupenda mazoezi, bali kwa sababu nauli ya matatu ikitolewa kila siku, unga hautanunuliwa. Mvua ikinyesha kidogo, manamba anapandisha nauli papo hapo, na wanafunzi wa kutwa ndio wa kwanza kuachwa stejini. Na reli iko pale pale, inatuangalia!

Sisemi kwamba hakuna kilichofanywa. Novemba 2012 stesheni mpya ya Syokimau ilifunguliwa, kisha stesheni za Makadara na Imara Daima zikafuata. Mwaka 2020 yaliletwa magarimoshi 11 yaliyokuwa yametumika katika kisiwa cha Mallorca, Uhispania. Je, mwajua kwa nini yaliweza kutembea hapa? Kwa sababu upana wa reli yao ni meta 1, sawasawa na ule wa reli ya Whitehouse. Reli mpya ya mwaka 2017 ni pana zaidi na stesheni yake ya Nairobi iko Syokimau, kwa hivyo abiria anayetoka Mombasa akitaka kufika katikati ya jiji kwa reli, lazima abadilishe garimoshi. Miaka zaidi ya mia moja imepita, na kipimo cha mzee huyo bado ndicho kinachotutawala.

Lakini kununua magarimoshi peke yake hakutoshi. Sehemu kubwa ya njia yetu ni ya reli moja. Garimoshi linalokwenda na linalorudi haviwezi kupishana ila mahali palipotengwa, kwa hiyo moja sharti lisimame lingoje jingine. Ndiyo sababu safari ni chache, na nyingi ni za asubuhi na jioni. Anayetoka kazi ya usiku, na mama wa soko anayerudi adhuhuri, hao wajipange na matatu. Kwa maoni yangu, yanatakiwa mambo matatu: sehemu za kupishana ziongezwe, na ikiwezekana reli ya pili ilazwe, vijengwe vivuko salama vya miguu mahali watu wanapokatiza reli kila siku, na matatu zipange stejini mwake mlangoni pa stesheni, ili mtu wa Umoja au Kayole asitembee nusu saa kabla hajaliona garimoshi.

Wapo watakaosema hizo ni ndoto za mtoto wa shule. Mimi nawajibu kwamba Whitehouse alipita Taru bila maji na akashusha mabehewa kwa kamba ukingoni mwa bonde, tena kwa vifaa vya karne ya 19. Kutoka stesheni kuu hadi Dandora hakuna jangwa wala simba. Kinachotakiwa ni wapangaji waulize, kabla ya kuchora ramani, swali ambalo yeye hakutumwa kuliuliza: nani anasubiri kupanda, anatoka wapi, na mfukoni ana shilingi ngapi?

Wengi wetu hapa shuleni tunapenda hesabu na fizikia. Huenda mmoja wetu akawa mhandisi mkuu siku moja. Ikiwa hivyo, namwomba asianzie ofisini. Aanzie barabara ya Jogoo saa kumi na moja na nusu alfajiri, ahesabu miguu.