Burt Munro: fundi aliyeichonga pikipiki moja kwa zaidi ya miaka 40

Pikipiki ikifikisha miaka mitano kwenye barabara zetu za Ngorongo, watu huanza kuiita mkweche. Mchanga wa kiangazi, tope la masika, gunia la mchele nyuma na abiria juu yake: oili inavuja, ringi zinaisha, na mwenye chombo anaanza kutafuta wa kumuuzia. Sasa fikiria pikipiki ya mwaka 1920 iliyovunja rekodi ya dunia mwaka 1967, ikiwa na umri wa miaka 47, huku aliyeiendesha akiwa mzee wa miaka 68.

Mzee huyo ni Herbert James Munro, aliyejulikana zaidi kama Burt Munro. Alikuwa mtu wa New Zealand, nchi ya visiwa iliyoko mbali kusini, mbele ya Australia. Alizaliwa tarehe 25 Machi 1899 karibu na mji wa Invercargill, akakulia shambani Edendale. Alizaliwa pacha, lakini dada yake alifariki wakati wa kuzaliwa, na madaktari waliwaambia wazazi kwamba hata huyu aliyebaki hatavuka miaka miwili.

Alivuka. Alipofika umri wa miaka kumi na mitano hivi alinunua pikipiki yake ya kwanza, aina ya Douglas, iliyotengenezwa Uingereza. Ilikuwa miaka ya Vita Kuu ya Kwanza, vita ambavyo huku kwetu wazee waliviita vya Mjerumani na Mwingereza. Baadaye akapata Clyno, na mwaka 1920 akanunua ile iliyobadili maisha yake: Indian Scout kutoka Marekani.

Hapa tusimame kidogo tuiangalie injini yenyewe. Boxer, TVS au SanLG unayopanda kwenda Ikwiriri ina silinda moja na pistoni moja. Indian Scout ilikuwa na silinda mbili zilizokaa kama herufi V, zote zikizungusha shafti moja. Ni kama wanawake wawili wanaotwanga kwa zamu kwenye kinu kimoja. Kwa sababu ya ule mkao wa V, mapigo hayapishani kwa nafasi sawa, na ndiyo maana injini za namna hiyo zina mlio wa kukatakata ambao mpenzi wa pikipiki anautambua kabla hajaiona. Ujazo wake ulikuwa cc 600, na mwendo wake wa juu kutoka kiwandani ulikuwa takribani kilomita 89 kwa saa. Bodaboda nyingi za leo, zenye injini ndogo mara nne, zinafika hapo.

Munro hakuridhika na mwendo huo. Kuanzia mwaka 1926 alianza kuifungua na kuibadilisha, na hakuacha tena.

Hakuwa na karakana kubwa wala mfadhili. Alikuwa muuzaji na fundi wa pikipiki. Mchana alifanya kazi ya watu, usiku akafanya ya kwake. Na spea alizozitaka hazikuwepo popote, kwa sababu hakuna kiwanda kinachotengeneza pistoni ya injini ambayo ipo kichwani mwa mtu mmoja. Hata kampuni yenyewe ya Indian ilisimamisha uzalishaji mwaka 1953, wakati kazi yake kubwa ilikuwa bado mbele. Fundi wa huku anayesubiri kifaa kutoka Kibiti au Dar es Salaam siku tatu anaijua kero hiyo, ila ya Munro haikuwa na gari la kusubiri.

Kwa hiyo alivitengeneza mwenyewe. Alisubu pistoni zake kwa kumimina madini ya moto kwenye kalibu za makopo ya zamani, jinsi mafundi wetu wanavyosubu sufuria za alumini, kisha akazichonga taratibu mpaka zikae. Konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na shafti, alizichonga kutoka kwenye ekseli ya trekta, maana alihitaji chuma kisichokatika. Valvu, ambazo kiwandani ziliwekwa ubavuni mwa silinda, alizihamishia juu ili injini ivute hewa vizuri zaidi. Alitengeneza silinda mpya, kamshafti, hata njia za kupitisha oili. Kipimo chake kilichotajwa sana ni spoki ya zamani, aliyoitumia mahali ambapo wengine hutumia maikromita.

Usidhani alifanikiwa haraka. Ukitanua silinda, mchanganyiko wa hewa na petroli unaongezeka, nguvu inaongezeka, na joto nalo linapanda. Pistoni inayeyuka. Konrodi ikikatika injini ikiwa kwenye mbio, inatoboa ganda na kuharibu kila kilicho jirani. Yalimpata hayo mara nyingi sana. Vyuma vilivyovunjika hakuvitupa. Alivipanga kwenye rafu ya banda lake, mwaka baada ya mwaka, mpaka rafu ikajaa. Kwa maoni yetu rafu ile ndiyo kitu cha kumheshimia kuliko hata rekodi. Gereji nyingi chuma kilichokatika kinaishia kwa mnunuzi wa chuma chakavu kabla mtu hajauliza kimekatikia wapi.

Gharama nyingine haikuwa ya vyuma. Alioa, akapata watoto wanne. Mwishoni mwa miaka ya 1940 ndoa ikavunjika, akaacha kazi, akahamia kuishi ndani ya banda lake na pikipiki mbili: Indian na Velocette ya mwaka 1936. Wanaosimulia habari zake huipita sehemu hii haraka, lakini watoto wanne si jambo dogo.

Mwaka 1940 alikuwa tayari ameweka rekodi ya nchi yake, zaidi ya kilomita 194 kwa saa. Ndoto yake iliyobaki ilikuwa Bonneville, jimbo la Utah, Marekani. Ni uwanda wa chumvi ngumu, bapa na mweupe, wa kilomita nyingi bila mti wala kona. Mwaka 1957 alikwenda kutazama tu. Mwaka 1962 alirudi na pikipiki yake ndani ya ganda jembamba refu, kama mtumbwi uliofunikwa juu yake ili upepo upite, akaweka rekodi ya dunia kwa injini zisizozidi cc 883: kilomita 288 kwa saa. Wakati huo moyo wake ulikuwa tayari unamsumbua.

Alirudi tena na tena. Mwaka 1967, injini ikiwa imefika karibu cc 950, mbio moja ya kwenda upande mmoja ilipimwa kuwa zaidi ya kilomita 305 kwa saa. Rekodi rasmi, ambayo ni wastani wa mbio mbili za kwenda na kurudi, iliandikwa kuwa kilomita 295. Mwaka huohuo, katikati ya mbio mojawapo, pikipiki ilianza kuyumba. Aliinuka kwenye kiti ili upepo umpunguzie mwendo, upepo ukamng'oa miwani, akawa haoni kitu. Alipita kando ya nguzo ya chuma kwa nafasi ya inchi chache, akailaza pikipiki chini, akatoka na michubuko.

Neno kwa vijana wa vijiweni: Munro alikuwa anakata kashata za tairi kwa kisu ili ziwe laini kwenye mbio. Hiyo ilikuwa chumvi kavu, njia nyoofu, mtu peke yake. Tairi kipara kwenye tope letu, na mama mjamzito nyuma, ni habari nyingine kabisa.

Mwaka 1977 alipata kiharusi, na tarehe 6 Januari 1978 akafariki, akiwa na umri wa miaka 78. Mwaka 2005 ilitoka filamu juu ya maisha yake, mwigizaji mkuu akiwa Anthony Hopkins, na ndiyo iliyowafanya watu wa nchi nyingi walijue jina lake.

Mwanawe John alikuja kuzitazama upya karatasi za mbio za 1967, akaona hesabu ya wastani ilikosewa. Aliwaandikia waliosimamia rekodi hizo, chama cha pikipiki cha Marekani. Wakarudia hesabu, wakakubali, na mwaka 2014, miaka 36 baada ya baba yake kuzikwa, rekodi ikasahihishwa: iliongezeka kwa chini ya kilomita moja kwa saa.