Lois Weber na ndoa zisizotulia

Siri ya mtungi aijuaye kata, na siri ya ndoa waijuao ni wawili walio ndani yake. Ndiyo sababu sichoki kumtafakari Lois Weber, mwongozaji filamu Mmarekani, ambaye mwaka wa 1921 alitoa Too Wise Wives, filamu isiyo na sauti ihusuyo ndoa mbili zinazoyumba.

Weber alizaliwa mwaka wa 1879 huko Allegheny, Pennsylvania. Kabla ya kuingia katika maigizo alikuwa akihubiri mitaani, na nadhani mimbari hiyo hakuiacha kamwe. Aliihamishia tu katika sinema. Mwaka wa 1904 aliolewa na mwigizaji Phillips Smalley, wakafanya kazi bega kwa bega. Mwaka wa 1914 akawa mwanamke wa kwanza Marekani kuongoza filamu ndefu, The Merchant of Venice, na mwaka wa 1917 akaanzisha kampuni yake mwenyewe.

Katika Too Wise Wives, Marie humhudumia mumewe hadi akamchosha. Sara naye aliolewa kwa ajili ya mali, lakini anajua kumridhisha mume kwa hila. Sara ndiye aliyekuwa mpenzi wa zamani wa mume wa Marie, na barua moja yenye manukato nusura izibomoe nyumba zote mbili. Hamna bastola humo. Kinachoumiza ni vitu vidogo, kama sapatu zilizofumwa kwa mapenzi ambazo mume hazitaki.

Sasa tazama, msomaji, ni nani aliyeigiza mume wa Sara: Smalley mwenyewe! Weber alikuwa akimwelekeza mumewe namna ya kuwa mume, na mwaka wa 1922 wakatalikiana.

Wapo wanaodai kwamba nyota yake ilizimika kwa kumkosa Smalley. Mimi sikubali. Mwaka huo huo wa 1921, kabla ya talaka, kampuni ya Paramount, iliyokuwa imeahidi kumlipa dola 50,000 kwa kila filamu pamoja na nusu ya faida, ilivunja mkataba. Watazamaji walitaka anasa. Cecil B. DeMille alivuna kwa visa vya ndoa vivyo hivyo, ila vyake alivivisha hariri.

Weber alifariki Novemba 13, 1939, akiwa fukara. Gharama za mazishi zililipwa na Frances Marion, mwandishi ambaye Weber ndiye aliyempa kazi yake ya kwanza katika filamu.