Krapf, kadhi na Kitabu cha Mwanzo

Wakristo wa pwani tuna deni kwa kadhi, na wengi wetu hata hatujui kama tunadaiwa. Mwaka 1844, Mjerumani mmoja alipokaa Mombasa akaanza kukitia Kitabu cha Mwanzo katika Kiswahili, aliyemsaidia alikuwa Sheikh Ali bin Muhiddin, kadhi wa mji. Mjerumani huyo ni Johann Ludwig Krapf. Vitabu vya shule humtaja zaidi kwa ajili ya mlima Kenya aliouona Desemba 1849. Mlima nawaachia walimu wa jiografia. Mimi leo nataka tumtazame Krapf msomaji, maana bila ya huyo asingekuwako yule mfasiri.

Alizaliwa mwaka 1810 katika kijiji cha Derendingen, kusini mwa Ujerumani, mwana wa mkulima. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja hivi, jirani alimpiga vibaya kwa kosa ambalo hakulifanya. Kipigo kile kilimlaza kitandani yapata miezi sita. Mtoto hawezi kucheza, hawezi kwenda shamba. Akabaki na Biblia na vitabu vya sala. Humo ndimo moyo wake ulimofinyangwa. Alipopona, wakati wa mavuno alikuwa akiwasimulia wavunaji visa vya Agano la Kale, nao wakimwambia mamake kwamba kijana huyu atakuwa mchungaji. Nimelipenda sana jambo hili. Alichokisoma peke yake juu ya kitanda hakukifungia kifuani, alikipeleka shambani kwa watu waliokuwa na mundu mkononi.

Afrika aliingilia Uhabeshi, mwaka 1837, nako akafukuzwa. Alimwoa Rosine Dietrich mwaka 1842, na mtoto wao wa kwanza alizaliwa na kufa njiani, jangwani. Mwanzoni mwa 1844 wakafika Unguja, Sultani Seyyid Said akampa barua ya kumjulisha kwa maliwali wake, na mwezi wa Mei wakakaa Mombasa.

Tarehe 8 Juni akaanza kufasiri Mwanzo. Tarehe 13 Julai Rosine akafa kwa homa, na siku chache baadaye mtoto wao mchanga akamfuata. Walizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa, upande wa Mkomani, na kaburi lipo hadi leo. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa wa homa hiyo hiyo. Hesabu siku hizo, ndugu msomaji. Kati ya mstari wa kwanza wa Mwanzo na kaburi zilipita wiki tano tu, naye akaurudia mstari alipouachia. Kazi ikaendelea mpaka akawa amelifasiri Agano Jipya lote.

Na Kiswahili alichofasiria kilikuwa tayari lugha ya watu wa ibada. Dhambi, imani, rehema, sala, Injili, Zaburi: maneno haya Waislamu wa pwani walikuwa nayo vinywani kabla ya mmishenari yeyote kutia nanga. Krapf hakuyaunda, aliyakuta. Ndiyo sababu nasema deni. Mkristo wa Kisauni anapoungama dhambi na jirani yake Mwislamu anapoomba toba, wanachota kisima kimoja cha maneno.

Pana jambo moja ambalo simsifu. Wenyeji waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, wakitunga tenzi kwa herufi hizo kwa karne nyingi. Krapf alichagua herufi za Kirumi, na sababu mojawapo ilikuwa hofu kwamba herufi za Kiarabu zingeusaidia Uislamu. Kutoka kwa mtu aliyefundishwa na kadhi, hofu hiyo naiona ni uchoyo.

Johannes Rebmann alipofika mwaka 1846, wawili hao walihamia Rabai mwezi wa Agosti. Wote walikuwa na homa, na punda alikuwa mmoja tu, basi wakapokezana kumpanda njia nzima ya kilimani. Wazee wa Rabai wakawapokea. Mwaka 1848 Injili ya Luka ikachapwa Bombay kwa lugha ya Warabai. Anayengoja kusikia habari za umati uliobatizwa atachoka. Wa kwanza aliyeliamini Neno alikuwa Mringe, kiwete maskini, aliyebatizwa akiwa karibu kufa. Baada yake Abe Gunja. Kwa miaka mingi kusanyiko la Rabai lilikuwa watu wa kuhesabika kwa vidole, Mrabai na Mjerumani wakisikiliza kitabu kimoja chini ya paa la makuti. Nimesimama katika kanisa la zamani la Rabai, ambalo leo ni makumbusho, nikawaza juu ya Mringe kuliko Krapf. Krapf alisoma Biblia akiwa kitandani mwili ukiuma. Na huyu wa kwanza kumsikiliza naye alikuwa mtu ambaye mwili ulimnyima mengi. Hawakuhitaji kuelezana sana.

Krapf na Rebmann hawakupatana siku zote. Krapf aliota mnyororo wa vituo vya misheni kutoka pwani hii hadi magharibi mwa Afrika. Rebmann alitaka kukaa pale pale Rabai. Krapf aliondoka mwaka 1853 kwa ajili ya afya, akarudi mara moja mwaka 1862 kuwasindikiza Wamethodisti. Rebmann alikaa mpaka 1875, akaondoka akiwa kipofu, akafa mwaka uliofuata huko Korntal, Ujerumani, mji ule ule alikokuwa akiishi Krapf.

Tarehe 26 Novemba 1881 Krapf alikutwa amekufa chumbani mwake, amepiga magoti kando ya kitanda. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka mwaka 1882, imejaa maneno ya Mvita.